"Duka limefunguliwa?" Nimetukanwa kwenye raundi mbele ya wadi nzima na mgonjwa wa oksijeni amecheka

Fenitoini_Kali

Sijala. Sijavua hata koti. Nimekaa kwenye ngazi za nyuma pale wanapoanika mashuka na vidole vinatetemeka, kwa hivyo anayetaka kunisahihisha herufi leo apitie mbali.

Yule bwana daktari wa wadi amefanya tena. Mnamjua. Kila aliyepitia wadi ile anamjua, hata waliomaliza zamani wakiona gari lake Kondele hapa Kisumu wanashuka tuktuk kabla ya kufika. Jina silitaji, nina logibuku, daftari la mafunzo, inayongoja sahihi na mama yangu bado analipa mkopo wa chama alioniombea karo.

Leo asubuhi tuko raundi. Kitanda cha dirishani amelala kijana aliyeletwa usiku na degedege, inaisha moja inaanza nyingine. Ameandikiwa fenitoini ya mshipa, dawa ya kutuliza degedege. Sawa, hapo sina neno. Lakini naangalia faili, naona imeandikwa ichanganywe na dripu ya sukari, dekstrosi asilimia 5. Wenzangu wa famasia nyote mmeshika kichwa hapo mlipo. Fenitoini na dekstrosi hazikai pamoja! Dawa yenyewe ni alkali kali, ukiitia kwenye maji ya sukari inaganda chembechembe, na chembechembe hizo ndizo ziingie kwenye mshipa wa mtoto wa watu. Inataka maji ya chumvi. Inataka iende taratibu, kwa mtu mzima isipite miligramu 50 kwa dakika, na kuwe na mtu anaangalia moyo na presha.

Nikanyoosha mkono. Mkono, jamani, wala sikupayuka. Nikasema kwa adabu yote niliyotoka nayo nyumbani, "Samahani daktari, hii naomba tuitie kwenye maji ya chumvi."

Akageuka. Miwani ilikuwa kwenye paji la uso, akaishusha. Akaishika beji yangu akaisoma kama mtu anayesoma bei ya samaki wa mbuta soko la Kibuye. Kisha akauliza, sauti ya kufika mpaka wadi ya kina mama:

"Duka limefunguliwa?"

Yaani mimi wa famasia ni muuza duka. WADI IKACHEKA. Wanafunzi wa udaktari wakacheka, wale wa mwaka wa nne ambao jana walikuwa wananiuliza mimi dozi ya jentamaisini. Intani, daktari aliye kwenye mwaka wa mazoezi, akacheka, na huyo intani hajalala tangu juzi, sijui nguvu ya kucheka aliitoa wapi. Mama anayepiga deki akacheka akiegemea mopu. Na mzee wa kitanda cha nne, mzee wa oksijeni, ambaye tangu afike hajaweza kumaliza sentensi bila kuhema, AKATOA BARAKOA USONI, akacheka, halafu akairudisha.

Akairudisha! Yaani alipanga.

Msimamizi wetu wa famasia, aliyepaswa kunitetea, wakati huo alikuwa anasoma kwa makini sana chati ya joto ya mgonjwa aliyeruhusiwa jana.

Haikuisha. "Nenda ukahesabu Panadol, hapa tunatibu." Halafu akanikabidhi simu yake nimshikie akisikiliza kifua cha mtu. Nikaishika. Ikalia. Imeandikwa "Fundi Jiko". Nikasimama katikati ya wadi, mwaka wa tano wa famasia, nimeshika Fundi Jiko analia, na mzee wa oksijeni ananiangalia mkono uko kwenye barakoa tayari kutoa tena.

Na dripu je? Sista alichanganya kama ilivyoandikwa. Ikaingia ukungu mweupe. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akanitazama, akaimwaga kwenye sinki bila neno na kufungua chupa ya chumvi. Hakuna aliyecheka hapo. Yule bwana alikuwa ameshafika kitanda cha sita.

Duka limefunguliwa. Miaka mitano ya digrii, mwaka mzima wa intani unaningoja, halafu usajili wa Bodi ya Dawa na Sumu, nikitoka huko ndio nifungue "duka". Alitoa barakoa, watu wangu. Barakoa!

---

Omera_Tuliza

Mimi swali langu ni moja. Mzee wa oksijeni anaendeleaje? Mtu akiweza kucheka bila barakoa hiyo ni nafuu. Famasia imemtibu, andika kwenye logibuku.

sista_wa_usiku

Nimesoma mpaka mwisho nikaona pahali pangu ni pale "Sista alichanganya kama ilivyoandikwa". Asante sana. Mkija saa mbili asubuhi na makaratasi yenu mnakuta sisi tumesimama tangu jana jioni, wagonjwa wengine wamelala wawili kitanda kimoja, na bado tukichanganya tunaambiwa tumekosea, tusipochanganya tunaambiwa tumekataa. Huyo sista alimwaga dripu kimya kimya akaokoa mtu. Shukrani yake iko wapi kwenye hiyo insha?

Fenitoini_Kali

Dada yangu, sista sina ugomvi naye, nimesema alimwaga! Ugomvi ni barakoa.

Mtu_wa_Kemisti

Hahaha polepole. Leo digrii imeitwa duka na imelia. Sisi wa diploma tunaitwa duka kila siku na nyinyi wenyewe. Mkija kwenye kemisti zetu likizoni mnasimama nje ya kaunta mikono nyuma mnauliza "nani ndiye mfamasia hapa?" Hapo hamkumbuki miligramu 50 kwa dakika. Karibu dukani, kiti kipo.

bwana_dozi

@Mtu_wa_Kemisti wewe uliniuzia antibiotiki vidonge vinne kwa sababu nilikuwa na pesa ya vinne. Usiongee kwenye uzi huu.

Mtu_wa_Kemisti

Ulikuwa na pesa ya vinne, nikuuzie kumi kwa mapenzi?

Wa_mwaka_wa_nne

Mimi ni mmoja wa waliocheka. Si kwa ubaya. Ukikaa kimya yule bwana akitania, swali linalofuata ni lako. Wiki iliyopita aliniuliza visababishi vya miguu kuvimba, nikataja moyo, ini, figo, akasema "endelea", nikanyamaza, akaambia mgonjwa "mama, huyu ndiye atakutibu ukirudi mwaka ujao, kwa hivyo usirudi." Mama wa watu akaanza kulia. Wewe umechekwa na mgonjwa, mimi nimeliliwa. Nani kaumia?

Fenitoini_Kali

Kwa hivyo ulicheka ili usiulizwe. Na dozi ya jentamaisini ulimuuliza nani jana jioni? Mtu wa duka!

Wa_mwaka_wa_nne

Nilikuuliza wewe na ulikuwa sahihi, nilishasema asante. Sasa hapa hadharani unataka nini tena.

Yawa_Sasa

Yule wa viatu vinavyolia? Au yule anayepaki kwenye njia ya ambulensi?

Fenitoini_Kali

Ni huyo mmoja.

Yawa_Sasa

Yawa! Nilidhani ni wawili. Miaka yote nimekuwa nikiogopa watu wawili.

Intani_Mkongwe

Watoto, tulieni. Mnalia beji kusomwa. Ngojeni mmalize mkae nyumbani mkisubiri kupangiwa hospitali ya intani. Mgomo wa madaktari wa 2024 mliusahau? Siku 56, kuanzia Machi mpaka Mei, na kiini chake kilikuwa intani. Mkataba wa 2017 unasema intani alipwe shilingi 206,000 na ushei kwa mwezi, serikali ikaja na 70,000. Na chama kilichogoma, jina lake kamili lina wafamasia ndani, wako hapo na madaktari na wa meno. Kwa hivyo huyo bwana akikuita duka, mkumbushe wafamasia na madaktari wako chama kimoja.

Fenitoini_Kali

Nimkumbushe nikiwa nimeshika simu yake?

Omera_Tuliza

Ungepokea. "Halo Fundi Jiko, daktari yuko bize, duka limefunguliwa, nikusaidie?"

mama_Bella_Migosi

Hamjambo wanangu. Sijui mnagombana nini lakini nimeona kuna watu wa dawa hapa. Mtoto wangu wa miaka mitatu anakohoa siku ya pili, nyumbani nina chupa ya dawa ya maji iliyobaki ya kaka yake tangu Desemba. Nimpe vijiko vingapi?

Fenitoini_Kali

Mama, usimpe hata kimoja. Hiyo dawa ya unga uliochanganywa na maji ikishafunguliwa haikai miezi, mwaga. Kikohozi kingi cha mtoto ni mafua na antibiotiki haikisaidii. Hesabu anavyopumua akiwa ametulia; akifika 40 au zaidi kwa dakika, au kifua kinabonyea ndani, au amekataa kunywa, mpeleke hospitali leo leo. Usingoje kesho.

mama_Bella_Migosi

Asante daktari. Ubarikiwe.

Omera_Tuliza

Ameitwa daktari! Uzi ufungwe, haki imepatikana.

Mgeni_wa_Lanet

Huku Nakuru tunasoma hii tukiwa na sweta mbili. Kwanza mna bahati mnaruhusiwa kusimama karibu na kitanda. Sisi kwenye rotesheni tulipewa kona ya stoo, kazi yetu ilikuwa kuhesabu makatoni ya glavu na kuangalia zipi zinaisha muda. Mgonjwa nilimwona mmoja, na alikuwa amepotea njia anatafuta choo.

bwana_dozi

Hiyo ya glavu hata Kakamega kuna mwenzangu alifanyiwa. Aliandika ripoti nzima ya kitaalamu kuhusu glavu.

sista_wa_usiku

Na bado glavu wadini hakuna. Zilihesabiwa zikaenda wapi?

Mtu_wa_Kemisti

Msiniangalie mimi.

Fenitoini_Kali

Naona mmehama. Mimi kesho saa mbili nasimama tena pale pale, mzee yuko pale pale, barakoa iko pale pale. Nishaurini! Nimripoti? Ninyamaze? Msimamizi amenitumia ujumbe: "Mambo ya wadi huachwa wadini." Na chini yake ameweka mikono ya kuomba.

Intani_Mkongwe

Usiripoti kabla ya sahihi. Baada ya sahihi ripoti mpaka Nairobi.

Wa_mwaka_wa_nne

Kesho ni zamu ya watu wa figo. Kama una hesabu ya kreatinini ya yule mama wa kitanda cha tisa, nitumie usiku huu. Tafadhali.

Fenitoini_Kali

DUKA LIMEFUNGWA.

Jirani_Manyatta

Mbona hamsemi ukweli, shida ya Kisumu si madaktari, ni joto. Mtu mzima, mwenye miwani, kutoka nyumba haina feni, unategemea akuchekee saa mbili asubuhi?

Mgeni_wa_Lanet

Njooni Nakuru muone baridi inavyokasirisha watu. Hapa wanakutukana na moshi unatoka mdomoni.

Omera_Tuliza

Afadhali joto. Huku mtu unalala dirisha wazi.

Jirani_Manyatta

Dirisha wazi na mbu unawapa nani? Lala na neti.

Wa_mwaka_wa_nne

Tukiwa bado hapo kwenye kulala, kuna mtu anaachia bedsita karibu na hospitali? Natembea tangu Nyalenda na saa kumi na mbili asubuhi tuktuk zinapandisha bei.

mama_Bella_Migosi

Ipo moja kwetu, ghorofa ya pili, ina taili. Mwanafunzi mtulivu tu.

Yawa_Sasa

Maji yanapanda mpaka hiyo ghorofa ya pili au ni yale ya kubeba ndoo?

mama_Bella_Migosi

Yanapanda Jumanne na Ijumaa. Nitumie ujumbe kando.

bwana_dozi

Na stima ni ya tokeni au mnagawana mita?