Mafundi wa dari za magari Dar es Salaam: bei nafuu imegeuzwa kibali cha kulipua kazi

Wakuu, salaam.

Naufungua uzi huu nikiwa na hasira, na nitajitahidi hasira hiyo isinizuie kueleza jambo kwa utaratibu, kwa sababu najua wapo wengi humu ambao hivi sasa wanaendesha magari huku kitambaa cha dari kikiwagusa utosini na wanatafuta fundi wa bei nafuu. Kabla hamjatoa fedha zenu, naomba msome kwanza.

Gari langu ni Toyota IST ya mwaka 2004. Kitambaa cha dari kilianza kuachia upande wa nyuma, juu ya kioo cha buti, kikaendelea kushuka hadi kikawa kinaniziba nisione nyuma kupitia kioo cha ndani. Nilielekezwa kwa fundi mmoja anayefanya kazi kwenye uwanja wa wazi upande wa Ilala, anayesifika kwa siti na dari. Alikibonyeza kitambaa kwa kidole, hakufungua hata skrubu moja, akaniambia kwamba hiyo ni kazi ndogo ya shilingi 120,000, na kwamba kitambaa kipya, gundi na ufundi vyote vimo humo. Bei hiyo aliitaja yeye mwenyewe, nami sikumwomba apunguze hata shilingi. Naomba jambo hilo mlishike, maana litarudi kwenye utetezi wake.

Jioni aliponikabidhi gari, dari lilipendeza. Halafu joto la Februari likaanza kuipima kazi yake. Yalitokea mapovu madogo kuzunguka taa ya ndani, yakaungana, na sasa juu ya abiria wa nyuma kitambaa kimejaa hewa na kinatikisika kila ninapopita kwenye tuta. Juu ya kichwa cha dereva kuna doa la rangi ya chai, ukubwa wa kiganja, mahali ambapo gundi ilipenya kutoka nyuma ya kitambaa, na ndani ya doa hilo kuna alama ya dole gumba ambayo mistari yake yote inaonekana. Karibu na siti za nyuma umejitokeza mstari ulionyooka kutoka mlango hadi mlango: hapo ndipo ubao wa dari ulipokunjwa hadi ukavunjika ili upite mlangoni, ilhali gari lina mlango mpana wa buti ambao ungeutoa mzima endapo siti za mbele zingelazwa. Na asubuhi nikifuta siti kwa kitambaa cheupe, kinatoka na unga wa manjano unaonata, mithili ya unga wa dengu.

Unga huo ndio ushahidi wangu mkubwa, na hapa naomba uvumilivu wenu kidogo, kwa sababu asiyejua unatoka wapi ataendelea kuibiwa.

Dari la gari lina matabaka matatu. Juu kabisa, upande wa bati, kuna ubao mwepesi uliotengenezwa kwa nyuzi zilizogandamizwa na kupewa umbo la paa. Chini yake kuna sponji nyembamba, unene wa milimita tatu hivi. Na chini ya sponji hiyo kimebandikwa kitambaa tunachokiona tukiwa tumekaa. Sponji yenyewe ni ya poliurethani, na adui zake ni joto na unyevunyevu, vitu ambavyo jiji hili halijawahi kuvikosa. Magari yetu mengi yametumika Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kushushwa bandarini hapa, kisha yanaegeshwa juani Posta, Kariakoo na Mwenge kuanzia asubuhi hadi jioni, vioo vikiwa vimefungwa, katika miezi ambayo joto la nje linapita nyuzi 30 na la ndani ya gari linaweza kupita 50. Sponji inachoka, inakatika, inageuka unga. Kitambaa kinapoanguka, mara nyingi ile gundi ya kiwandani bado imeshika pande zote mbili. Kilichokufa ni kile kilichokuwa katikati.

Kwa hiyo anayepaka gundi mpya juu ya ubao ambao haujakwanguliwa anaibandika gundi yake kwenye unga. Hata ingekuwa gundi ya bei ya juu kuliko zote Kariakoo, itaushika unga kwa uaminifu mkubwa, na unga huo utaachia ubao pamoja na gundi na kitambaa kipya. Kukwangua ndiyo kazi yenyewe, wakuu. Ubao unatolewa nje ya gari, unalazwa mezani, unasuguliwa taratibu kwa brashi ngumu kiasi ambayo haitauchana, fundi akiwa amefunika pua na mdomo kwa sababu unga ule hauna budi kuingia mahali, na anaendelea mpaka atakapopitisha kiganja juu ya ubao na kiganja kibaki safi. Kazi hiyo inachosha, inachafua, haionekani ikishafunikwa, na kwa sababu haionekani ndiyo inayorukwa. Wangu aliiruka. Siku nilipofungua taa ya ndani na kuchungulia kwenye tundu lake, niliiona sponji ya mwaka 2004 ikiwa palepale, na juu yake sponji mpya iliyo mgongoni mwa kitambaa kipya.

Sasa kuhusu gundi. Kopo lililobakiza gundi kidogo alilisahau kwenye buti langu, na nimelihifadhi. Ni gundi ya kawaida ya makochi na viatu: kwenye lebo wametaja ngozi, raba na mbao, hawakuandika neno lolote kuhusu joto. Siidharau gundi hiyo, kwani kochi halikai juani likiwa limefungiwa ndani ya bati. Dari linahitaji gundi ambayo mtengenezaji wake ameandika kiwango cha joto inachostahimili, na inapakwa pande zote mbili, kwenye ubao na mgongoni mwa sponji, kwa tabaka jembamba, kisha inaachwa dakika kadhaa mpaka ukiigusa inata bila kulowesha kidole. Hapo ndipo kitambaa kinalazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa kiganja, polepole, hasa kwenye mabonde ya vikinga jua na mzingo wa taa, kwa sababu kitambaa kikivutwa juu ya bonde bila kushika chini yake, siku yoyote kitajivuta na kuachia. Fundi aliyepaka kwa brashi pana, upande mmoja, gundi ikiwa bado maji, na kukandamiza papo hapo, ameilowesha sponji mpaka gundi imetokea mbele. Doa langu la chai limetokana na hilo, na halifutiki.

Kuna jambo jingine ambalo halikunigusa mimi lakini linanitisha kwa niaba yenu. Baadhi ya magari yana mifuko ya hewa ya usalama iliyofichwa pembeni mwa dari, juu ya milango, ile inayofumuka kama pazia gari linapogongwa ubavuni, na kwa kawaida plastiki za nguzo huwa na maandishi ya kuonya. Fundi anayeng'oa plastiki hizo kwa bisibisi bila kuchomoa waya wa betri, kisha akazirudisha kwa gundi kwa sababu amevunja klipu, anacheza na kitu ambacho hakijui. La kwangu halina mifuko hiyo. Lakini fundi hakuuliza, hakuangalia, na vishikio viwili vya mkono vimerudishwa bila klipu zake. Kimoja nimekishika abiria akiwa ndani, kikabaki mkononi.

Nilipomrudishia gari hakukana chochote. Alilitazama lile doa, akatazama mapovu, kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike: "Dada yangu, kwa hela ile ulitaka nikufanyie kama Japani?" Vijana wake wakacheka. Nilimkumbusha kwamba hela ile aliitaja yeye, akanijibu kwamba gari lenyewe ni la zamani, kana kwamba sikulipa ushuru wa uchakavu bandarini na sasa natakiwa niulipe tena kwake. Halafu akanipa bei mpya: shilingi 180,000, safari hii kwa kile alichokiita gundi ya ng'ambo, nami nitoe fedha upya kwa kazi ileile.

Hoja ya "kwa hela ile" nimeichoka, kwa sababu haisimami hata ukiihesabu. Baada ya kisa hiki nilizunguka Kariakoo kuulizia bei. Kitambaa cha dari chenye sponji mgongoni, upana wa mita moja na nusu hivi, nilitajiwa shilingi 15,000 kwa mita, na gari dogo kama langu linatosheka na mita mbili. Gundi ya kupuliza iliyoandikwa kiwango cha joto nilitajiwa 15,000 kwa kopo, na makopo mawili yanamaliza kazi. Hapo tumetumia 60,000, na zinabaki 60,000 za ufundi. Ikiwa fedha hiyo haitoshi kusugua ubao, mteja aambiwe mapema, achague kuongeza fedha au kwenda kuusugua mwenyewe nyumbani, jambo ambalo ningelifanya kwa furaha, maana brashi na kitambaa cha kufunika pua havina gharama ya kumshinda mtu. Mwenye bajeti ndogo anaweza kubana kwenye rangi, kwenye ubora wa kitambaa, kwenye kusubiri siku ambayo fundi hana kazi nyingi. Kwenye kukwangua hakuna cha kubana, kwa sababu ukikuruka umefanya mapambo ya wiki chache.

Hata njia za dharura zina heshima yake zikisemwa wazi. Zipo pini za kuzungusha, zile zenye ncha ya msokoto, unazichomeka kitambaa kikashikilia wakati unatafuta fedha. Hazipendezi, ila hazimdanganyi mtu. (Wauza magari wanaozichomeka usiku wa kuamkia siku ya kumwonyesha mnunuzi gari wana uzi wao mwingine.) Wapo pia wanaobandika kitenge. Kitenge hakivutiki na hakina sponji, kwa hiyo kila kovu la ubao linaonekana na kwenye mikunjo kinakataa kulala, lakini ubao ukiwa safi na gundi ikiwa sahihi, kinaweza kudumu kuliko kazi niliyouziwa mimi. Nisichokubali ni kulipia dari jipya na kupewa kiraka. Na nyinyi mnaopeleka magari kuoshwa, msikubali vijana walowanishe dari kwa maji na sabuni na kulisugua kwa nguvu. Sponji iliyochoka inamaliziwa hapohapo, kisha mnakuja kwa mafundi wa aina hii.

Nimesikia wakisema kwamba mafundi wetu wamejifunza kazi chini ya mwembe na tusiwadai mambo ya kitabuni. Hilo nalikataa pia. Waliojifunza chini ya mwembe ndio wametufikisha hapa na magari yetu yanatembea, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi wa namna hiyo ili watambulike kwa cheti bila kuanza darasani upya. Ubao usiokwanguliwa hautokani na kukosa cheti. Fundi wangu alijua. Kwenye bei ya pili alisema mwenyewe kwamba "safari hii tutasugua".

Risiti sikupewa. Ninao ujumbe wa muamala wa simu, mazungumzo yetu ya bei kwa maandishi, lile kopo, na picha za mstari uliovunjika. Wiki ijayo nakwenda navyo ofisi ya serikali ya mtaa anakofanyia kazi, nami sidai dari la Japani: nadai fedha yangu ya kitambaa na ufundi, na gharama ya ubao uliokunjwa. Jina lake silitaji humu kabla hajapewa nafasi ya kujibu mbele ya watu, kwa hiyo msiniulize faragha.

Ninachoomba kwenu ni mambo mawili. Aliyewahi kupata ubao wa dari wa IST uliotumika, mzima, usiokunjwa, aniambie aliupata upande gani wa jiji na kwa bei gani. Na kama kuna fundi humu wa Temeke, Kinondoni, Ubungo au Kigamboni anayekubali kukwangua ubao huku mteja akiangalia, aupige picha ubao ukiwa mtupu kabla ya kupaka gundi, na aandike kwa mkono wake muda wa dhamana, aweke bei yake hapa hadharani. Anayekuja kuniambia kwamba vya bei nafuu ndivyo vilivyo, kwanza aniambie ni shilingi ngapi angetaka ili asugue.