Ulinganisho: Kuthibitisha kuwa mtu ameacha sigara – pumzi, mate au mkojo?

Itifaki_Kwanza:
Wakuu, kuna utafiti unaandaliwa wa kuwasaidia wagonjwa wa kifua kikuu kuacha sigara. Washiriki 200, ufuatiliaji wa miezi 6, kundi moja litapewa vibandiko vya nikotini. Kamati ya maadili inataka tuandike tutamthibitisha vipi anayesema ameacha. SRNT, kile chama cha kimataifa cha watafiti wa nikotini na tumbaku, kilitoa mwongozo wa vipimo mwaka 2002, kikauhuisha 2020 kupitia jarida lake la Nicotine & Tobacco Research. Nimeusoma, lakini bado nasita kati ya mashine ya pumzi, kotinini ya mate na stripu za mkojo. Bajeti ni ndogo, na wengi wa washiriki nyumbani kwao wanapikia mkaa.

Bi_Maabara:
Hapo kwenye vibandiko ndipo pa kuanzia, maana ndipo kotinini inapokwama. Kotinini ni zao la nikotini baada ya ini kuishughulikia, na ini halijui kama nikotini imetoka kwenye sigara, kibandiko, chingamu au sigara ya kielektroniki. Aliyeacha kabisa lakini bado anabandika atatoka na kipimo cha mvutaji. Kwa kundi lisilo na nikotini hakuna kipimo kizuri zaidi: nusu-uhai wake ni kama saa 16, kwa hiyo kinaona siku tatu nne nyuma, wakati nikotini yenyewe inapungua nusu kwa saa 2 hivi.

Kikomo cha 2002, yaani namba inayomtenganisha mvutaji na asiyevuta, kilikuwa nanogramu 15 kwa mililita kwenye mate au plazma, na 50 kwenye mkojo. Mwongozo mpya umevishusha vikomo, kwa kuwa moshi wa watu wengine umepungua katika nchi nyingi na wavutaji wa sigara chache kwa siku wameongezeka.

Mate: mililita 1 inatosha. Mshiriki asile wala kunywa kwa nusu saa, asukutue kwa maji, asubiri kidogo, kisha ayaache mate yatiririke kwenye kichupa. Gandisha kwenye nyuzi −20 hadi siku ya kupima.

Kifua_Wazi:
Basi kwa kundi la vibandiko ni pumzi. Kibandiko hakitoi kaboni monoksidi, moshi ndio unaoitoa. Majibu unayapata papo hapo na gharama ya kila kipimo ni mrija tu. Utaratibu: washa mashine kwenye hewa safi isome sifuri, mshiriki avute pumzi ndefu, aizuie sekunde 15, kisha apulize polepole mpaka mapafu yaishe hewa. Hewa ya mwisho ndiyo inayotoka kwenye vifuko vya mapafu, hivyo anayepuliza kwa pupa au kuacha katikati anatoa namba ya chini ya uongo.

Kwa wagonjwa wa TB kuna mawili ya ziada. Wapulizie nje au penye upepo wa kutosha, kwa mrija wa mtu mmoja wenye vali ya upande mmoja na kichujio. Na wapo watakaoshindwa sekunde 15 kwa kikohozi. Andika kwenye fomu alizuia sekunde ngapi, usijaze 15 kwa mazoea.

Udhaifu wake ni muda. Kaboni monoksidi hupungua nusu kwa saa chache, na mtu akiwa anatembea inatoka haraka zaidi. Aliyevuta jana mchana anaweza kuja leo saa nane akasoma kama asiyevuta. Kliniki zenu za asubuhi zinawasaidia wavutaji kujificha, hamisheni kipimo mchana.

Takwimu_Tu:
Na mkaa je, nao si unatoa kaboni monoksidi hiyohiyo? Kikomo cha zamani cha pumzi kilikuwa ppm (sehemu kwa milioni ya hewa) 8 hadi 10, mwongozo mpya unasema 5 hadi 6. Kushuka kunawanasa wavutaji wepesi, sawa. Lakini mama aliyetoka kuchochea jiko kwenye chumba kisicho na dirisha anaweza kuvuka 6 bila kuigusa sigara. Ukinakili namba iliyotokana na nchi wanazopikia umeme, utawahesabu waliofanikiwa kuwa wameshindwa.

Pimeni wasiovuta sigara wa mitaa hiyohiyo kabla ya kuanza, mchore mgawanyo wao, ndipo mchague kikomo na mkiandike kwenye itifaki kabla ya kuona data. Na kila kipimo kiambatane na maswali mafupi: umepikia nishati gani leo, saa ngapi, umevuta shisha? Shisha ina makaa yake, inapandisha namba kuliko sigara.

Kifua_Wazi:
Nakubali kuhusu mkaa. Ila 10 nayo isiwe kichaka cha kuwaficha wanaovuta mbili kwa siku.

Mkwezi:
Mbona stripu za mkojo hazizungumzwi? Ni rahisi, muuguzi yeyote anasoma.

Bi_Maabara:
Soma maandishi ya boksi kwanza, ndugu Mkwezi. Nyingi sokoni zimewekwa kwenye nanogramu 200, wakati kikomo cha mwongozo wa 2002 kilikuwa 50, na kimeshashushwa. Anayevuta sigara moja moja anapita katikati. Tena mstari hafifu unahesabiwa kuwa hasi, na wasomaji wapya huukosea kila siku. Anayekunywa maji mengi anauzimua mkojo, ndiyo maana maabara hupima sambamba kreatinini, taka ya mwili inayoonyesha mkojo umezimuliwa kiasi gani. Na shida ya vibandiko iko palepale.

Njia ya kutenganisha mvutaji na mwenye kibandiko ni kupima kemikali iitwayo anabasini. Imo kwenye tumbaku, haimo kwenye kibandiko, na kikomo chake kwenye mkojo ni nanogramu 2. Inamnasa hata wa ugoro, ambaye mashine ya pumzi haimwoni kabisa. Lakini inahitaji mashine ya kromatografia yenye spektrometa ya masi, siyo kitu cha kliniki ya wilaya. Pimia sehemu ya sampuli tu, mfano wenye vibandiko waliosoma chini ya kikomo kwenye pumzi.

Takwimu_Tu:
Kabla ya mashine, amueni wasiorudi mtawafanya nini. Kanuni iliyozoeleka, ikiwemo Russell Standard ya 2005 (vigezo vya kuhesabu walioacha sigara kwenye tafiti), ni kwamba aliyepotea anahesabiwa anavuta. Kanuni hiyo pia inaruhusu sigara zisizozidi 5 kwa kipindi chote. Aliyehama au kufariki ana utaratibu wake, msimchanganye humo. Na mkiwatafuta kwa simu watu wa kundi moja zaidi ya lingine, hakuna kipimo cha maabara kitakachowaokoa.

Itifaki_Kwanza:
Je, tukibadilisha dawa, tukaacha vibandiko tukatumia saitisini?

Bi_Maabara:
Hapo kotinini inarudi uwanjani kwa makundi yote mawili, maana saitisini haina nikotini. Dozi yake ya kawaida ni siku 25, kwa hiyo mwezi wa 6 haimo hata mwilini. Hata vibandiko, kama mnavitoa wiki 8 hadi 12 kisha mnakoma, mwezi wa 6 mnaweza kutumia mate. Ulizeni tu kama kuna aliyeendelea kujinunulia.

Kifua_Wazi:
Nyongeza kuhusu mashine ya pumzi: usiifute kwa spiriti, na mshiriki aliyetoka kupaka kitakasa mikono asubiri kikauke kabisa. Mvuke wa alkoholi unaivuruga sensa. Gesi ya kusahihishia iagizwe mapema pamoja na mashine yenyewe, usafirishaji wa mitungi huchelewa bandarini.