Naomba ushauri: doti moja ya kanga, gauni langu na la mwanangu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nipo Wete, nashona mwenyewe kwa cherehani ya mkono. Nataka doti moja ya kanga itoe magauni mawili ya Idi, langu na la mwanangu wa kike wa miaka mitano, na yote mawili pindo la kanga lije chini. Nimeshaifua kabla ya kukata, maana kanga mpya ina wanga na hurudi. Nimepanga vipimo kwa magazeti: langu likikaa vizuri, la mtoto linabaki mji mtupu, yaani ile sehemu ya katikati bila pindo. Jina, yaani yale maneno ya kanga, sitaki kulikata katikati kabisa, ndio uzuri wa kanga.

Je, nikate pindo la ubavuni nimshonee chini? Na shingo yake, nitie bitana au utepe uliokatwa mshazari?