Marobota ya nyasi au magunia: nipande mboga kwenye nini?

Mama Nai: Wakuu habarini. Uani kwangu ni zege tupu, udongo hakuna. Kuna mtu ana marobota kumi ya nyasi, yote elfu sabini, anataka jibu kesho. Nimeona watu wanapanda nyanya juu ya robota bila udongo kabisa. Niyachukue, au nijaze magunia udongo?

Fundi Bomba: Uko wapi? Jua unapata saa ngapi kwa siku? Maji ya bomba au kisima? Na hizo "nyasi" ni nini hasa? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Zegeni: Hilo la nyasi ndilo kubwa. Yanayofaa ni mabua makavu ya mpunga au ngano, yaliyobaki baada ya kupura. Marobota ya kulishia ng'ombe mengi yana mbegu zake. Ukimwagilia yanaota manyasi kila upande. Ukipata mabua, laza robota kamba zikae ubavuni zisiozee chini, liloweshe hadi ndani, kisha kwa siku 10 hadi 14 liwekee mbolea ya yurea kidogo na maji mengi. Litaanza kuoza na kupata moto. Ingiza mkono: likiunguza usipande, mizizi itaiva. Likipoa, toboa tundu, tia kiganja cha mboji, chomeka mche.

Mzee wa Matembele: Yurea tena! Mboga ya nyumbani unaitilia ya kiwandani ya nini? Samadi ya kuku inatosha. Mimi ni magunia, basi. Kibera wanakula sukuma wiki za gunia: kokoto katikati ya kupitisha maji, miche juu na ubavuni kote.

Zegeni: Mzee, yurea ni ya kuleta naitrojeni, chakula cha mmea; mabua hayana ya maana. Vijidudu vinavyoyaozesha vinaila iliyopo, mche unabaki njano. Samadi inaweza, ila unahitaji nyingi na siku zaidi, na majirani watakusema.

Mzee wa Matembele: Majirani zangu wanakula matembele yangu, hawana neno.

Bi Tatu: Ngojeni niwape yangu. Mwaka juzi nilinunua marobota sita, nikayahudumia wiki mbili kama mzazi. Uyoga ukaota, nikaambiwa ni kawaida. Nikapanda nyanya kumi na mbili. Wiki ya tatu majani ya juu yakajisokota kama kamba, mashina yakapinda. Nikapuliza dawa ya ukungu. Nikapuliza ya wadudu. Hela ikaenda, nyanya zikazidi kujikunja. Ndipo bwana shamba mmoja mstaafu akaniuliza: nyasi zimetoka shamba gani? Kumbe lilipulizwa dawa ya kuua magugu ya majani mapana. Nyasi haidhuriki nayo, na dawa nyingine za aina hiyo hubaki humo miezi hata zikikauka. Nyanya na maharage sasa, ndiyo majani mapana yenyewe! Nikampigia muuzaji. Akasema, "Mama, mimi nauza chakula cha ng'ombe." Hakukosea, na hilo ndilo lililoniuma. Mchwa walikuja kumalizia marobota. Nunua moja kwanza, panda maharage machache, uone yanavyoota.

Mama Nai: Asanteni. Niko Kigamboni. Maji ya kisima, yana chumvi kidogo. Jua asubuhi hadi saa sita, kisha kivuli cha ghorofa la jirani. Nilisahau: nimepanga, na mwenye nyumba ana mbuzi wawili wanaozunguka uani.

Fundi Bomba: ULISAHAU?

Mzee wa Matembele: Basi umewanunulia mbuzi chakula cha mwezi.

Zegeni: Weka wavu. Ila chumvi ndiyo inanitisha, robota linakunywa maji kila siku. Na kwa jua hilo acha nyanya, panda mchicha na chainizi. Robota likilowa halinyanyuki, mwambie mwenye nyumba mapema.

Fundi Bomba: Mzee, hayo matembele ni ya kikonyo chekundu? Niko Tegeta, naomba vipando.

Mzee wa Matembele: Chekundu. Njoo na mfuko.

Bi Tatu: Chekundu kigumu hicho, bila nazi hakiliki.

Mzee wa Matembele: Nani kakwambia tunapika bila nazi?

Mama Nai: Muuzaji kapiga tena, kashuka hadi elfu hamsini. Nimemuuliza ni nyasi gani. Kasema, "za kawaida."