Ushauri: nianze na cheti gani ili niweze kusimamia mradi wa TEHAMA?

Mgeni_wa_Ratiba (mleta uzi)
Wakuu, habari za humu. Mimi ni developa, yaani mtengeneza programu za kompyuta. Nimekabidhiwa kusimamia mradi wa kubadilisha mfumo wa wateja kazini, na sijawahi kusimamia kitu zaidi ya kazi yangu mwenyewe. Nimeona vyeti vya usimamizi wa miradi, PMP na PRINCE2, na cha Scrum, ile njia ya kufanya kazi kwa mizunguko mifupi. Nianze na kipi ili nijifunze haraka? Usingizi umepungua, nawaomba tusibezane.

Mzee_Gantt
PMP isahau kwa sasa. Mwenye shahada ya miaka minne anatakiwa awe na miezi 36 ya kuongoza miradi, pamoja na saa 35 za mafunzo, ndipo aruhusiwe kufanya mtihani. Kwako ni jambo la baadaye.

Anza na kupasua kazi. Chukua mradi mzima, ugawe mpaka kila kipande kiwe cha siku mbili hadi tano na kiwe na mtu mmoja anayekijibia. Kisha muulize anayekifanya akupe makadirio matatu: mambo yakienda vizuri, yakienda kama kawaida, yakiharibika. Ya katikati zidisha kwa nne, jumlisha na mengine mawili, gawanya kwa sita. Akisema siku 4, 6 na 14, unapata 4 + 24 + 14 = 42, gawanya kwa 6, ni siku 7. Ukikubali ile "sita" aliyoitaja mdomoni, tayari umepungukiwa na siku moja kwenye kipande kimoja tu.

Bodi_na_Kadi
Mzee, hayo makadirio ya mwezi mzima hayadumu hata wiki. Scrum ndiyo inayomfaa. Mzunguko wa wiki mbili, kikao cha kila siku kisichozidi dakika 15, na mwisho wa mzunguko watumiaji waone kitu kinachofanya kazi. Bodi iwe na safu nne: inasubiri, inafanyika, inapimwa, imekwisha. Andikeni "imekwisha" maana yake nini. Kodi, yaani msimbo wa programu, iliyo kwenye kompyuta ya mtu haijakwisha. Na safu ya "inafanyika" wekea kikomo, la sivyo watu watatu watakuwa na kazi kumi na mbili zilizoanzwa na hakuna iliyofungwa.

Mzee_Gantt
Scrum haikwambii data ya zamani inahamishwaje usiku mmoja. Kuna kazi haziwezi kupangwa upya kila wiki mbili.

Swali_Kwanza
Samahani, mnabishania njia kabla ya kujua safari. Mleta uzi, tarehe ya kuhamia mfumo mpya ipo? Nani aliipanga?

Mgeni_wa_Ratiba
Tarehe ipo, ila hilo si tatizo. Tatizo ni mimi kukosa elimu ya usimamizi.

Swali_Kwanza
Nani aliipanga?

Mgeni_wa_Ratiba
Niliitaja mimi kwenye kikao, kabla sijaiona data. Zimebaki siku 31. Mkataba wa mfumo wa zamani unaisha siku hiyohiyo, kwa hiyo isingekuwa mbali zaidi hata kama ningetaka. Nimeshapunguza majaribio ya watumiaji kutoka siku kumi hadi tatu, na nimeomba madevelopa wanne waongezwe juu yetu watatu. Naona inawezekana.

Neno_la_Kweli
Ndugu, kutaja tarehe mbele ya wakubwa bila kuuliza timu ni kuwabebesha wenzako deni wasilolikopa. Kabla ya cheti, kaa nao uwaeleze. Watu wanaofichwa hali halisi huficha na wao, na mwisho unasimamia ripoti za uongo.

Mzee_Gantt
Hao wanne usiwalete. Fred Brooks, mtaalamu wa uhandisi wa programu, alishaeleza mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi. Sababu inahesabika: watu watatu wana njia 3 za kuwasiliana wao kwa wao, watu saba wana njia 21. Na wa kuwafundisha wageni ni walewale watatu unaowategemea. Mtu mmoja wa kupima tu, asiyegusa kodi, huyo atasaidia.

Bodi_na_Kadi
Siku tatu za majaribio hazitoshi hata zikipangwa vizuri. Siku ya kwanza watumiaji wanaona kasoro, ya pili mnarekebisha, ya tatu imebaki ya kupima tena, na marekebisho huwa yanavunja kitu kingine. Unahitaji duru mbili kamili: ya kutafuta kasoro na ya kuthibitisha kwamba zimeondoka. Watumiaji wapewe kazi zao za kila siku waziandike kama hatua, wasiambiwe tu "jaribuni mfumo".

Mgeni_wa_Ratiba
Majaribio tunaweza kuyaendeleza baada ya kuhamia. Kasoro ndogondogo zinarekebishika mfumo ukiwa hewani.

Kipimo_Tu
Wakuu, naomba nisimame hapa. Naona hii ni chai. Tarehe iliyotajwa kwenye kikao, mkataba unaoisha siku hiyohiyo, watu wanne wa kuongeza, majaribio yaliyokatwa: makosa yote ya kitabuni kwenye uzi mmoja. Linafanana na swali la mtihani ambalo mtu anataka tumjibie. Kama mradi upo, mleta uzi atuambie jaribio la kuhamisha data lilichukua saa ngapi na rekodi ngapi zilikataa. Hilo huwezi kulitunga vizuri.

Neno_la_Kweli
Hata kama ni la mtihani, majibu yatamsaidia mwingine.

Mgeni_wa_Ratiba
Si chai. Jaribio tumefanya moja, jana usiku. Rekodi 41,200, zimepita 38,960, zimekataa 2,240. Limechukua saa 9. Tumeruhusiwa kuzima mfumo kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri, yaani saa 6. Sikutaka kulisema kwa sababu bado sijamwambia mtu yeyote kazini.

Zilizokataa nyingi ni namba za simu zilizopoteza sifuri ya mbele, kuna mtu alizifungua kwenye spredishiti. Nyingine ni tarehe kama 03/04 ambazo hatujui kipi ni siku na kipi ni mwezi. Na malipo yasiyo na mteja.

Kipimo_Tu
Naondoa neno langu, niwie radhi. Hili ndilo swali lako, cheti kiweke kando.

Saa 9 haziingii kwenye saa 6. Rekodi zisizobadilika tena, kama akaunti zilizofungwa na malipo ya zamani, zihamisheni wiki moja kabla. Usiku wenyewe hamisheni zilizobadilika tu. Faharasa za hifadhidata (orodha zinazosaidia kutafuta rekodi haraka) zizimwe wakati wa kupakia, zijengwe upya mwishoni. Rudieni jaribio mara mbili zaidi kwa data kamili, mkiandika muda wa kila hatua.

Tarehe zenye utata msizikisie. Tafuteni rekodi ambapo namba ya kwanza inazidi 12, hapo mtajua chanzo kile kilitumia mpangilio upi. Malipo yasiyo na mteja aamue mtu wa uhasibu, kwa maandishi. Baada ya kupakia linganisheni idadi ya rekodi na jumla ya salio pande zote mbili. Idadi inaweza kulingana huku fedha hazilingani.

Swali_Kwanza
Na saa ya kurudi nyuma. Kama kurejesha bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, kunachukua saa 2, uamuzi wa kuendelea au kurudi ufanyike kabla ya saa nane usiku. Aandikwe mtu mmoja mwenye kauli hiyo. Bakapu yenyewe irejesheni kwanza kwenye seva nyingine, kwa sababu ambayo haijawahi kurejeshwa bado hamjui kama inafanya kazi.

Mzee_Gantt
Mkataba wa zamani uombewe nyongeza ya mwezi mmoja. Wakikataa, punguzeni wigo wa mradi: ni sehemu zipi ambazo bila hizo siku ya kwanza mteja hahudumiwi? Hizo tu ndizo zihamie.

Mgeni_wa_Ratiba
Nimeandika hivi kwa bosi, naomba mniangalizie:

"Jaribio la jana limechukua saa 9, tuna saa 6. Rekodi 2,240 zimekataa. Tunajitahidi, ila tarehe niliyoitaja iko hatarini. Napendekeza mfumo wa zamani uongezewe mwezi mmoja, au tuhamie na sehemu chache. Nahitaji uamuzi kabla ya Ijumaa."

Swali_Kwanza
Toa "tunajitahidi". Ongeza siku ya jaribio la pili. Mwisho, anayesaini mkataba wa mfumo wa zamani ni bosi wako au mtu mwingine?

Mgeni_wa_Ratiba
Mtu mwingine. Naongeza jina lake sasa hivi kabla sijatuma.