Ushauri: Meli ya kawaida inayorusha ndege za kivita bila njia ya kurukia, nimekwama sura ya nne

Mwandishi_Mpweke
Wakuu habari za muda huu. Naandika riwaya, mwaka wa pili sasa. Kuna meli ambayo ukiiona kwa nje ni ya kawaida tu, hakuna wa kuitilia shaka. Ndani ina ndege sita za kivita. Sitaha haina njia ya kurukia na siwezi kuiweka, itajulikana. Nataka ziruke zote ndani ya dakika kumi. Mhariri anataka sura ya nne ndani ya siku kumi na sijalala vizuri. Wenye ujuzi mnisaidie, matusi sitaki.

Kombamwiko
Manati. Uzi ufungwe.

Fundi_Bomba
Kombamwiko anatania lakini hajakosea. Mwaka 1941 Waingereza walikuwa wakisumbuliwa na ndege za Kijerumani za masafa marefu katikati ya Atlantiki, na manowari za kubeba ndege hazikutosha. Wakachukua meli za mizigo 35, kila moja wakaifunga reli ya chuma omoni, yaani mbele ya meli, juu yake ndege moja aina ya Hurricane, na roketi za kuisukuma. Mzigo ulibaki palepale ndani ya meli. Inaruka kweli, manati kabisa. Shida ni kurudi. Hakuna pa kutua. Kama nchi kavu iko mbali, rubani anaruka na mwamvuli au anaitua majini karibu na meli, aombe waokoaji wafike kabla baridi haijamfikia. Ndege inaenda na maji.

Kwa hiyo swali lako umeliuliza nusu. Kuruka ni rahisi. Zako zinatua wapi?

Mwandishi_Mpweke
Asante mkuu. Zangu ni za kupaa wima, kama Harrier. Zitarudi zilikotoka.

Fundi_Bomba
Harrier ikipaa wima haibebi mabomu na mafuta kama unavyofikiri. Injini inabeba uzito wote bila msaada wa mbawa, na hupuliziwa maji ili isiungue, maji yenyewe ni ya dakika moja na ushee. Ndiyo maana wenyewe walipenda kuikimbiza kidogo kwanza. Mwaka 1982 kwenye vita vya Falkland, Uingereza ilijaza Harrier juu ya meli ya makontena Atlantic Conveyor. Zilipaa wima, ndiyo, ila ni kwa ajili ya kuhamia manowari zilizokuwa jirani. Tarehe 25 Mei meli ikapigwa makombora, watu 12 wakafa. Harrier zilikuwa zimeshaondoka, helikopta zikateketea.

Baharia_Mstaafu
Vijana, mimi nimekula chumvi ya bahari miaka mingi kwenye meli za makontena. Niwaambie kitu ambacho hakimo vitabuni. Meli ikisema imebeba mzigo, inakaa chini. Ikiwa tupu inaelea juu na tumbo lake jekundu linaonekana hata na mtoto. Ndege sita ni uzito wa nini kwa meli kubwa? Hewa tu. Sasa wewe unaingia bandarini na karatasi za mzigo kamili, tumbo liko nje kama la mbuzi aliyekufa. Wapakiaji wataanza kucheka kabla hujafunga kamba. Jaza maji ya kutosha kwenye matangi, la sivyo sura ya kwanza ndiyo ya mwisho.

Halafu kuna safari moja nahodha wetu alitulazimisha kupaka rangi upya katikati ya dhoruba... hiyo siku nyingine.

Bi_Kalamu
Mbona hakuna anayeuliza jambo la msingi? Mwandishi, umesema "meli ya kawaida". Kawaida ipi? Ya mafuta, ya samaki, ya abiria? Umejificha kwenye hilo neno tangu mwanzo.

Mwandishi_Mpweke
Dada, hilo si muhimu kwa swali langu. Nimeuliza kuhusu kuruka.

Dira_Mbovu
Nyie mnahangaika na kupaa wima wakati dawa ipo tangu Vita ya Kwanza. Meli ya Kijerumani Wolf, yaani Mbwamwitu, ilizunguka bahari kuanzia 1916 hadi 1918, siku 451, ikijifanya ya mizigo. Tumboni ilificha kindege cha kuelea, mabaharia wakakiita Mtoto wa Mbwamwitu. Winchi inakiteremsha majini, bahari yenyewe ndiyo uwanja. Mwaka 1917 kilikiendea chombo kimoja cha mizigo kinaitwa Wairuna, kikadondosha barua ya kuamuru kisimame, na bomu mbele ya omo ili barua isomwe kwa makini.

Kombamwiko
Hiyo ndiyo posta ninayoitaka.

Baharia_Mstaafu
Na msisahau kutua. Juni 1983 rubani wa Sea Harrier ya Kiingereza alipotea baharini, redio haifanyi kazi, mafuta yanaisha. Akaona meli ya mizigo ya Kihispania, Alraigo, akatua juu ya makontena. Ndege ikateleza, ikakalia gari lililokuwa limepakiwa sitahani.

Mpiga_Zumari
Hiyo chai mzee wangu, tena ya maziwa.

Fundi_Bomba
Si chai. Picha zipo, ndege imekalia gari, pua juu.

Mpiga_Zumari
Sawa, nimeyameza. Ila chai kubwa zaidi ni uzi wenyewe. Huyu jamaa hana riwaya. Mhariri gani anasubiri sura ya nne bila kujua meli ni ya nini? Anaogopa swali la Bi Kalamu kama paka na maji. Ni mchezo wa kompyuta huo, au ndoto za mchana. Au kuna kitu kingine, mods wamulike.

Bi_Kalamu
Basi athibitishe. Meli ni ya nini, na atuwekee aya moja.

Mwandishi_Mpweke
Haya. Ni meli ya hospitali. Nyeupe, msalaba mwekundu ubavuni. Sikusema mapema kwa sababu nilijua mtanirukia. Jalada limeshachorwa na kurasa 140 zimeandikwa, kwa hiyo msiniambie nibadilishe. Mhusika wangu ni muovu, si malaika! Aya hii hapa:

"Muuguzi mkuu akavua kofia nyeupe. Masikioni alikuwa na visikilizio vya rubani. 'Fungueni wodi namba mbili,' akasema. Paa likagawanyika polepole, vitanda vikasogea pembeni vyenyewe, na jua la alfajiri likazama juu ya mbawa."

Kombamwiko
Jua la alfajiri likazama. Mpiga Zumari omba radhi, huyu ni mwandishi kweli.

Fundi_Bomba
Kuwasha injini ndani ya wodi yenye kuta nne! Hewa ya moto itagonga sakafu irudi kwenye mdomo wa injini, nguvu ishuke. Vitanda vitaruka kabla ya ndege.

Bi_Kalamu
Mimi namwona mtu anayetaka mshtuko wa bei rahisi. Kujificha kama meli ya biashara ni hila inayokubalika baharini, mradi upandishe bendera yako halisi kabla ya kufyatua. Kormoran, meli ya kivita ya Kijerumani, ilijifanya ya Kiholanzi mwaka 1941, ikaishusha hila dakika ya mwisho na kuizamisha manowari Sydney ya Australia, mabaharia wote 645 wakafa. Msalaba mwekundu ni habari nyingine kabisa. Mwaka 1918 nyambizi ya Kijerumani iliizamisha Llandovery Castle, meli ya hospitali, na nahodha wa nyambizi akadai ilibeba maofisa wanane wa ndege wa Marekani. Hawakuwepo. Watu 234 walikufa kwa tetesi hiyohiyo unayoiandika wewe.

Mwandishi_Mpweke
Dada ni hadithi tu.

Dira_Mbovu
Hata kama ni hadithi, ina tundu. Mkataba wa Geneva wa 1949 unataka jina la meli ya hospitali lipelekwe kwa maadui siku kumi kabla, pamoja na urefu wake na idadi ya milingoti na dohani. Na adui ana haki ya kupanda na kupekua. Muuguzi wako atamwambia nini mpekuzi akifika wodi namba mbili?

Mwandishi_Mpweke
...

Nimempigia mchoraji. Msalaba anaufuta, meli inakuwa ya makontena. Ila ndege sita zilizoko juu ya sitaha amekataa kuzigusa, anasema kazi imeisha. Na muuguzi mkuu nampenda, habadiliki. Sasa zinaruka vipi?

Kombamwiko
Manati.