Alabama na Auburn: nani kinara kwa tuzo za wachezaji? Naomba ushauri

Msukuma wa Birmingham: Wakuu, nipo jimbo la Alabama, napiga mzigo ghalani. Kuna jamaa wawili kazini, mmoja shabiki wa Chuo Kikuu cha Alabama, mwenzake wa Chuo Kikuu cha Auburn, na futiboli ya Kimarekani ya vyuo huku ni zaidi ya Simba na Yanga. Wamebishana wiki nzima chuo kipi kimetoa wachezaji wakali, mwisho wakanipa mimi urefa kwa vile sina upande. Atakayeshindwa ananunulia shifti nzima mbavu za kuchoma. Kwa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa mwaka wa vyuo, Alabama wana 4, Auburn 3. Nitangaze tu yaishe?

Ngosha_77: Umeyatimba mkuu. Angalia miaka kwanza. Auburn walibeba kwa Pat Sullivan 1971 na Bo Jackson 1985, Alabama wakiwa hawana hata moja, pamoja na ubingwa wa taifa mara 6 chini ya kocha Bear Bryant! Joe Namath mwenyewe, nyota wao wa enzi hizo, hakuipata. Ya kwanza kwao ni Mark Ingram, 2009. Wakafuata Derrick Henry 2015, DeVonta Smith 2020 na Bryce Young 2021. Zote 4 enzi za kocha Nick Saban.

Mama Ubwabwa: Saban anaingiaje hapo? Tuzo ni tuzo. Ila Heisman inapenda wenye mpira mkononi, yale mabonge ya mstari wa mbele hayaonekani. Kayatafute kwenye Outland, tuzo ya mchezaji bora wa mstari huo: Auburn 2, Zeke Smith 1958 na Tracy Rocker 1988. Alabama 5. Ubishi uko wapi?

Mtoto wa Manzese: Na Cam Newton wa Auburn mnamweka wapi? 2010, wanacheza na Alabama, Alabama wanaongoza 24-0, tena kwao Tuscaloosa. Jamaa akatoa pasi 3 za kufunga, moja akaingia nayo mwenyewe, Auburn 28-27. Heisman kachukua, ubingwa wa taifa kachukua, na kacheza pale msimu mmoja tu. Hiyo moja nahesabu mbili.

Mama Ubwabwa: Hesabu za Manzese hizo 😂

Msukuma wa Birmingham: Asanteni. Kwa idadi naona ni Alabama. Tatizo huyo wa Auburn ndiye msimamizi wangu, anagawa ovataimu.

Ngosha_77: Si ungesema mapema! Idadi achana nayo kabisa. Anza na Bo Jackson.